Makofi ya Mkutano wa Mwaka

Mashine ya kiwandani ilimkata mkata karatasi mkono wa kulia Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, akiwa amebakiza rimu mbili tu akanywe chai. Yeye alikimbizwa hospitali. Mkono ulibaki. Ulipangusa damu kwenye karatasi ya juu, ukasawazisha kingo, ukazimaliza zile rimu mbili.

Wiki sita baadaye mkata karatasi alirudi kiwandani, mkono mtupu wa gauni umebanwa kwa pini. Msimamizi wa zamu alimvutia kiti.

"Pole sana, dada. Ila nafasi yako haiko wazi."

"Kawekwa nani?"

Msimamizi alionyesha kwa kidevu. Mkono ulikuwa mezani pake, unahesabu karatasi, kidole gumba kikichovywa kwenye sponji kila baada ya kumi, vile vile alivyozoea mwenyewe.

"Hauchelewi, hauombi ruhusa," msimamizi alisema. "Na hauna maneno mengi."

Akarudi nyumbani. Asubuhi mumewe alimfunga vifungo kabla ya kwenda kazini. Alijifunza kumenya viazi kwa kuvibana magotini. Siku nyingine kidole ambacho hakuwa nacho kilimchoma ghafla, akajua karatasi imekichana huko kiliko, na hakuna wa kukifunga kitambaa.

Mwisho wa mwaka akaalikwa mkutanoni kama mfanyakazi wa zamani. Mumewe alimsindikiza. Bwalo lilijaa mpaka madirishani. Mkono ulikuwa meza ya mbele, juu ya kitambaa cheupe, kwa kuwa ndio uliochaguliwa mfanyakazi bora.

Meneja alisoma taarifa. Mwaka mzima, alisema, umepita bila ajali hata moja.

Watu wakapiga makofi. Baadhi waligeuka wakamwona mkata karatasi, wakainamisha macho. Viganja vyao viliendelea.

Mkono nao ulitaka kupiga. Ulipiga hewa mara mbili tatu, ukatulia, ukaanza kutembea kwa vidole mpaka alipo meneja. Ukapanda kwa tai. Ulipofika juu ukamzaba kofi moja zito, miwani ikaruka.

Makofi yakakatika. Kule nyuma mkata karatasi alisikia kiganja cha kulia kikimwasha.

Meneja aliokota miwani, akaifuta, akaivaa. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana."

Katibu aliyekuwa akiandika kumbukumbu alimwinamia msimamizi. "Niandike nini hapa?"

"Kwani umesikia nini?"

"Kofi."

"Basi andika makofi."

Na ili katibu asije akaonekana mwongo, watu wakaanza kupiga tena.

Mkutano ulipofungwa, mkata karatasi alikwenda meza ya mbele. Akaufungua mkoba wake, akautanua vizuri.

"Twende nyumbani," aliuambia mkono.

Mkono ulimshika kidole cha mwisho cha kushoto. Ulikuwa wa moto, na sugu zake zilikuwa zimeongezeka. Akasubiri. King'ora cha zamu ya mchana kikalia. Mkono ukamwachia, ukashuka kwa mguu wa meza, ukatoka na wenzake kwa mlango wa pembeni.

Walitembea mpaka karibu na kituo cha basi.

"Mkono ulikuambia nini?" mumewe aliuliza.

"Ulinibana mara mbili."

"Maana yake?"

Basi lilikuja, likajaa, likaondoka bila wao.

"Ungekuwa mkono wangu," alisema, "ningejua."