Mja Mzito wa Kampuni

Kampuni ya maua hapa Subukia ilitujengea wodi ya kujifungulia. Sikatai, wodi ni nzuri, ina vigae hadi ukutani. Kilichobaki ni mwenye mimba wa kukaa kitandani siku ya kuifungua, apigwe picha na wageni waliotoa pesa za kuijenga. Levis, meneja wa wafanyakazi, alitafuta kati ya wanawake wote wanaofunga maua pale, akakosa. Atampata wapi? Si ni yeye huwaambia kontrakti imeisha, tumbo likianza tu kuonekana?

Celestine, mke wa mwanangu, hufunga maua hapo hapo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ameikaza kwa leso, juu yake koti la kazi la mwanaume. Akijulikana, kazi imeenda, na ndiyo kazi inayotulisha sote.

Levis akanijia hadi nyumbani. Akaniita mathe, akanibembeleza nimtafutie mja mzito yeyote kijijini. Nikamwambia asihangaike, nitamletea.

Siku ya sherehe nilijifunga mto wa kochi tumboni, nikavaa gauni la kanisa, nikapanda kitandani. Mimi wa miaka sabini na kitu. Wanawake walicheka hadi wakashikana. Levis akaniuliza huku amekaza meno huu ni wazimu gani.

"Kijana wangu," nikamwambia, "kwa hii kampuni yako ni mimi peke yangu naweza kushika mimba na nisifutwe."

Mkubwa wa wageni, mama mmoja Mzungu, akataka kujua nimesema nini. Levis akamwambia kwa Kizungu kwamba nashukuru sana. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini kushukuru nakujua kwa lugha yoyote. Nilishikwa na hasira hadi mto ukateleza.

Kabla nifungue mdomo, Celestine ametoka kule nyuma kwa wenzake. Nilimwonyesha kwa macho arudi, akakataa. Akamweleza yule mama kwa Kizungu maneno yangu jinsi yalivyokuwa, huku akifungua vifungo vya koti, kisha leso. Tumbo likaonekana na kila mtu.

Yule mama akamuuliza Levis kama huyu atarudi kazini akishajifungua. Kamera zote zikamgeukia Levis. Akajibu kwa Kizungu kwamba atarudi.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Akasema. Nikamwambia amtaje jina. Akamtaja. Nikakaa vizuri kwenye shuka yao mpya, nikamweleza kwamba sishuki hadi aseme pia likizo ya uzazi italipwa.

Ilibidi aseme.