Mgonjwa au Ameumia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 9 Juni 1953, kabla ukungu haujainuka Makambako. Katika kambi ya kujenga barabara, toroli la mawe lilipinduka likampiga mke wangu Ida ubavuni. Hakutoka damu. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, kisha akakaa tena chini.

Lori la kwenda hospitali ya Njombe lilikuwa tayari linaunguruma. Nikampeleka Ida kwa karani, Tarsis.

"Mgonjwa au ameumia?" akauliza.

"Si ni yaleyale, bwana karani? Ana maumivu."

"Yaleyale kwenu Mdandu. Kwa Kiingereza ni maneno mawili." Akanigeuzia karatasi, akaweka kidole. "Hili, sick, ni la ndani ya mtu mwenyewe. Homa, kuhara. Haulizwi mtu. Hili, hurt, ni la nje. Kitu kimempiga, na mwenye kitu ataulizwa. Hurt anapanda lori leo. Sick anamngoja dresa aje kambini na dawa zake, Ijumaa."

Nimeishia darasa la pili, lakini hilo nililielewa palepale.

Nyuma yangu alisimama Yonathani, nyapara. Ndiye aliyeamuru toroli lijazwe kupita kiasi. Ndiye pia mjomba wa Ida, aliyetupatia kazi, na mimi nimelelewa kwamba mkwe humpingi mbele za watu.

"Huyu anaumwa tu," Yonathani akasema. "Tangu jana hajala vizuri. Sivyo, mkwe?"

Ida alikuwa ameshika ubavu, ananitazama. Dereva akapiga honi.

"Mume ni wewe," Tarsis akasema. "Niandike lipi?"

"Kama alivyosema mjomba."

Akaandika. Lori likaondoka na mtu mmoja tu, aliyekatika kidole.

Jumatano tumbo la Ida lilivimba, likawa gumu. Nikarudi kwa Tarsis nikamwambia afute, aandike lile jingine. Akasema bwana mkubwa, Mzungu wa kambi, ameshatia sahihi, haifutwi. Nikamfuata bwana mkubwa mwenyewe. Hakushuka hata kwenye gari. Dresa Ijumaa, basi.

Alhamisi asubuhi tukamlaza Ida kwenye machela, wanaume wanne, tukashika njia ya Njombe. Jua lilipokuwa utosini tukamtua chini, na hatukumwinua tena akiwa hai.

Mimi nawalaumu wale wakubwa. Watawala gani hawa, neno wanalipandisha lori, mtu wanamwacha chini? Nimeyasema hayo barazani wakanitoa nje, na nitayasema tena.

Kuna moja sijalisema barazani. Kabla hatujavuka mto wa kwanza, Ida alinivuta shati nikainama. Akaniuliza kwa sauti yake ya kila siku, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Baba Emilia, karani si alikuuliza wewe? Mbona hukumwambia habari za toroli?"