Kalamu ya Katibu wa Mitihani

Jumanne saa mbili asubuhi, karani wa vyeti alifungua droo, akazitazama kalamu zake za wino thelathini na sita, kisha akachagua ya thelathini na saba. Aliinunua Jumamosi kwa mjane wa aliyekuwa katibu wa mitihani, mama aliyekuwa akihama nyumba na kuuza vitu vya marehemu: viatu, redio, miwani, na kalamu nyeusi nene yenye pete ya dhahabu iliyopauka.

Pale kwenye chuo cha wauguzi walimwita Mwandiko. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa mkono majina ya wahitimu kwenye vyeti. Wenzake walikusanya vitambi na maradhi. Yeye alikusanya kalamu. Alipenda kifuniko kinachofunguka kwa mizunguko miwili na nusu. Alipenda kuichovya ncha kichupani na kuiona kalamu ikinywa taratibu, kama mtoto aliyeshika ziwa. Alipenda mstari unaonenepa mkono ukishuka na kukonda ukipanda, na ule mng'ao wa wino mbichi kabla karatasi haijaumeza. Kila Jumapili aliziosha zote kwa maji ya vuguvugu, akazipanga juu ya taulo, na mkewe akipita husema, "Wake wenzangu wameshaoga?"

Siku hiyo aliijaza kalamu mpya wino wa buluu, akavuta cheti cha kwanza, akaanza kuandika jina la kwanza katika orodha. Kalamu iliandika jina la mkewe: lake, la baba yake na la babu yake, kama alivyoitwa kabla hajaolewa. Mwandiko haukuwa wa karani. Ulilalia kushoto, herufi zimebanana kama wagonjwa kwenye benchi. Ulikuwa wa marehemu katibu, na karani aliujua vizuri, maana alikuwa ameunakili kwa miaka kumi na moja.

Akadhani mkono umeteleza. Akavuta cheti cha pili, jina likawa lilelile. Akaiosha kalamu na kuijaza maji matupu ya bomba. Ikaandika jina lilelile, kwa buluu, na safari hii ikaongeza chini yake: *Wa pili kati ya mia na nne.*

Mchana akaipeleka kwa fundi kalamu, aliyekaa kwenye ngazi za posta. Fundi aliichomoa ncha, akaitazama kwa lenzi.

"Haina ubovu," alisema. "Mwenyewe aliacha neno njiani. Zipo nyingi za namna hii. Ukitaka nikubadilishie ncha."

"Itanyamaza?"

"Itanyamaza, ila itakwaruza."

Karani hakupenda kalamu zinazokwaruza. Akaondoka nayo hivyohivyo.

Mkewe alikuwa dobi katika hospitali iliyopakana na chuo. Miaka thelathini na moja nyuma alifanya mtihani wa kuingia chuoni, akaambiwa ameanguka, akachukua kazi ya kufua mashuka. Tangu hapo aliamini kwamba kichwa chake ni kizito. Watoto walipomletea kazi za shule hakuzitazama. "Muulizeni baba yenu," alisema, "ndiye mwenye akili."

Karani alishuka stoo, akapekua, akalipata daftari la matokeo la mwaka ule. Mstari wa pili ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Juu yake liliandikwa jina la mkuu wa chuo wa sasa, ambaye ni mpwa wa mkuu wa zamani. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Ulikuwa wake yeye.

Akakumbuka. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Mkuu wa zamani alimwita, akamfunulia daftari, akamshikisha kalamu ya wino. "Andika hapa, kijana, una mkono mzuri." Akaandika. Hakuuliza lililokwanguliwa lilikuwa jina la nani, na kalamu akaambiwa aende nayo. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza drooni. Miaka miwili baadaye alikutana na binti mmoja mlangoni pa kufulia, wakaoana.

Aliyeko juu mngoje chini, lakini mkuu wa chuo alikaa ghorofa ya tatu na hakuwa na dalili ya kushuka. Karani akapanda. Mkuu alivaa miwani, akakisoma cheti alichopewa.

"Mwandiko wa katibu," alisema. "Alikuwa mtu makini."

"Ni jina la mke wangu, mama."

"Najua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaambiwa nafasi imepatikana. Sikuuliza imepatikana wapi." Akamrudishia. "Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Basi mpelekee. Hakina namba, kwa hiyo hakina neno. Hivyo vingine viandike kwa bolpeni. Bolpeni haina mambo mengi."

Jioni alimkuta mkewe akikunja nguo. Akampa cheti, akamweleza yote, hakuficha hata la mkono wake.

"Wa pili?" mkewe aliuliza.

"Wa pili."

"Na wa kwanza alikuwa nani?"

Akamtajia.

"Huyo alistahili. Alikuwa akisoma hata akitembea." Akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kwa hiyo sikuwa mjinga."

"Hukuwa."

"Na aliyeandika juu yangu ni wewe."

"Ni mimi."

"Una mkono mzuri," alisema mkewe, "tangu zamani." Akaingia jikoni, akakaa humo mpaka mboga ikaungua, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika nyumba ile. Walikula hivyohivyo.

Kesho yake karani aliijaribu kalamu mara moja tu, kwenye karatasi chakavu. Jina la mkewe halikutoka. Yalitoka majina matatu ya wasichana ambao hawakuwamo kwenye orodha ya mwaka huu, kila jina na nafasi yake katika mtihani. Marehemu alikuwa bado kazini. Karani aliyatazama mpaka wino ukakauka, akafunga kifuniko, mizunguko miwili na nusu, akaichukua bolpeni ya ofisi. Kufikia Alhamisi vyeti vyote sitini vilikuwa tayari, na mkuu akavitia saini.

"Umeshawaandika?" mkewe alimwuliza jioni ile.

"Nimeshawaandika."

"Kama orodha ilivyokuja?"

"Kama ilivyokuja."

Mkewe alichukua pasi, akajaribu joto lake kwa kidole kilicholowa, akaanza kuinyoosha sare yake ya udobi, kola kwanza, kisha mikono. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na wodini walikuwa wanasubiri mashuka.