Zamu Iliyokwama Nyuma ya Mkuki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu ya mwezi wa tisa, saa kumi kasorobo alasiri. Mzee Bendera alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, pale pale alipozoea, bendera nyeupe kwapa hili, nyekundu kwapa lile, viatu vimeiva chokaa ya mistari aliyoichora asubuhi. Kazi yake ilikuwa ndogo na aliijua yote. Mkuki ukitua vizuri anainua nyeupe, anakwenda kuupima. Ukitua vibaya, au mrushaji akikanyaga mstari, anainua nyekundu. Na mkuki ukiwa bado hewani hainui kitu, hakuna mtu anayeingia uwanjani, na anayefuata hachukui zamu yake.

Siku hiyo wasichana wa shule walikuwa wanachujwa kwa ajili ya timu ya taifa. Aliyewafundisha ni mkewe, bila mshahara, kwa mikuki iliyovunjika na kuungwa kwa waya. Enzi zake alikuwa bingwa. Nishani yake ilikaa ofisini kwa Mwenyekiti wa chama cha riadha, ati inatunzwa. Wasichana hawajaanza, greda likaingia getini, mbele yake gari la Mwenyekiti. Mwenyekiti alishuka, tumbo kwanza yeye baadaye, akasema uwanja umepata mwekezaji, watoto waende nyumbani wakasome, kurusharusha vitu hakujawahi kumlisha mtu.

Mke wa Mzee Bendera hakubishana. Alisema basi arushe mmoja wa kuagia, wasichana waone unavyorushwa. Akafunga sketi kiunoni, akakimbia, akarusha.

Mkuki ukapanda. Haukushuka.

Walingoja. Dereva wa greda alizima injini, maana naye aliwahi kuwa mtu wa michezo na sheria aliijua. Mwenyekiti alitazama saa yake. Mbu walipoanza kuuma kila mtu akashika njia yake. Kesho yake greda likaingia uwanjani na mkuki uko hewani, na hilo Mzee Bendera hajalisamehe mpaka leo.

Tangu hapo mkuki hupita kila alasiri saa ile ile, juu ya mapaa ya mtaa, ukipiga mluzi mwembamba. Kina mama wakiusikia huanua nguo. Marubani walielekezwa kuupisha, nao huupisha.

Mkewe alifariki baada ya miaka kadhaa, kwa homa ya kawaida, mkono wa kulia umenyooka mbele kama alivyouacha siku ile. Haukukunjika. Fundi seremala alipima, akaongeza ubao kwenye jeneza. Chama cha riadha kilileta shada la maua ya plastiki lenye jina la marehemu mwingine.

Nchi nayo ikawa ya kushindwa. Kwenye michezo ya mataifa ujumbe ulijaza ndege: Mwenyekiti, mke wa Mwenyekiti, shemeji yake, mshauri wa viatu, naibu wa mshauri wa viatu. Mwanariadha alikuwa mmoja, naye akakosa kiti. Waliporudi mikono mitupu walipokewa kwa tarumbeta. Pale uwanjani likaota ghorofa la vioo, na chini yake duka la kubashiri matokeo, ambamo vijana wenye miguu kama ya paa walishinda kutwa wakitazama watoto wa nchi za watu wakikimbia. Mzee Bendera akipita hapo hutema mate, ila pembeni, asije akamtemea mtoto wa mwenzake. Mate yale yana wenyewe, nao hawapiti kwa miguu.

Sasa, siku ile aliyefuata kwenye foleni alikuwa binti yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, namba kifuani, mkuki mkononi. Zamu yake haikufika kwa kuwa ya mama yake haijapimwa. Alirudi na mkuki wake nyumbani, akausimamisha nyuma ya mlango, ukakaa hapo. Mabega ya mama aliyarithi yote mawili, akayapeleka mapokezi ya ghorofa lile lile, kuinua simu na kusema karibu. Waliokuwa nyuma yake waliolewa, wakazaa, wakanenepa. Ukimwuliza yeyote kati yao sokoni atakwambia yuko nyuma ya nani na mbele ya nani.

Mwaka huu watu walipoanza kuuliza nishani zimekwenda wapi, Mwenyekiti alikwenda redioni akasema tatizo limepatikana. Kuna mzee mmoja mkaidi hataki kuinua bendera, na kizazi kizima kimekwama nyuma yake. Siku ya kufungua rasmi ghorofa mzee huyo atainua nyekundu mbele ya Waziri, na michezo itafufuka. Mtangazaji alimshukuru kwa ufafanuzi.

Mtaa ukaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Kumbe ni wewe uliyetukalia, mzee," fundi viatu alimwambia.

"Mimi nina bendera mbili tu," alijibu. "Uwanja anao nani?"

Fundi viatu akarudi kwenye soli yake.

Nyumbani, binti alimwekea baba yake chai, akakaa.

"Baba, inua tu hiyo nyekundu yaishe. Watanifukuza kazi."

"Mama yako hakukanyaga mstari."

"Najua. Nilikuwa nyuma yake."

"Sasa unaniambia nini?"

Binti alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nakwambia nimechoka kusubiri."

Hilo lilimchoma kuliko kazi, kwa sababu lilikuwa kweli. Marehemu alikuwa na mrusho mmoja ulio halali. Huyu hakuwa na hata mmoja, wa halali wala wa haramu. Mzee alizipiga pasi bendera zote mbili.

Siku ya ufunguzi jukwaa lilisimamishwa kwenye maegesho ya magari, juu ya mahali mikuki ilipokuwa ikitua. Waziri alichelewa, akapigiwa makofi kwa kuchelewa. Saa kumi kasorobo mkuki ukapita. Kivuli chake kiliteleza juu ya magari, kikapanda tumbo la Mwenyekiti, kikashuka upande wa pili. Waziri alishika karatasi zake zisipeperuke.

"Haya mzee," Mwenyekiti alisema, "tumalize."

Mzee Bendera alitazama mlango wa vioo, ambako binti yake alikuwa amesimama. Kisha akainua nyekundu. Ulikuwa uongo wa kwanza wa mkono ule. Tarumbeta zikalia. Mwenyekiti alitangaza kwamba kuanzia sasa njia ni nyeupe kwa vijana wote, akakata utepe. Juu mkuki uliendelea na safari yake, bendera ile haikuuhusu.

Binti alitoka mapokezi. Alivua viatu vya kazini, akaviweka karibu na gari la Waziri. Namba ya siku ile aliibana kifuani juu ya sare, na mkononi alikuwa na mkuki wa nyuma ya mlango wa nyumbani. Akasimama pale njia ya kukimbilia ilipokuwa ikianzia, akatazama mbele: magari, jukwaa, ghorofa, watu. Mkono wake ukarudi nyuma kama alivyofundishwa, ukasimama.

"Ni zamu yangu," alisema. "Nirushie wapi?"