Anayeona Ndani ya Ngowa

Ngowa, mgema wa Mambrui, alianguka kutoka juu ya mnazi, kisogo kikapiga chini. Alipozinduka alisema haoni kitu. Madaktari wakayamulika macho yake, wakayakuta mazima.

Mwezi wa pili baada ya ajali, mkewe Kadzo alimwona akipita ukumbini. Palikuwa na kigoda katikati ya njia. Ngowa akakikwepa.

Kesho yake Kadzo akaweka ndoo mlangoni makusudi. Ngowa akaikwepa pia.

"Baba Mbeyu, unaniona?" Kadzo akamuuliza mumewe.

"Nikuone kwa macho gani?"

"Na hiyo ndoo umeikwepaje?"

"Ndoo ipi?"

Kadzo akapandwa na hasira. Miezi miwili alikuwa akimwogesha na kulima peke yake. Akatoka uani, akamwita mwongo mbele ya majirani. Waliokuwa wakija kumjulia hali wakakata mguu.

Hospitalini Malindi, daktari aliwapeleka kwa Moraa, mtafiti wa mambo ya ubongo. Akamketisha Ngowa mbele ya kompyuta iliyoonyesha taa ikisogea.

"Taa inaelekea upande gani, kushoto au kulia?"

"Mwanangu, mimi sioni taa."

"Bahatisha tu, baba."

Alibahatisha mara hamsini. Arubaini na nne akapatia.

"Si nilisema!" Kadzo akamaka.

"Hadanganyi, mama," Moraa akasema. "Macho hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia kadhaa. Ile kubwa huenda kisogoni, na bila hiyo mtu hajui kwamba anaona. Kwake imeumia. Zile ndogo zimebaki. Zinauongoza mwili, mwenyewe hana habari."

Akawaeleza kwamba yeye na wenzake wana programu ya kompyuta inayoiga jinsi ubongo unavyoona. Walipoizima sehemu yake inayoiga ile ya kisogoni, bado ilitambua taa inakoelekea, ila ilishindwa kusema kitu chenyewe ni nini.

Kadzo akaushika mkono wa mumewe. "Nisamehe."

Ngowa alimgeukia Moraa. "Basi anayeona ni nani, kama si mimi?"

Moraa akajibu, "Hilo kompyuta haijatuambia, baba."

Kadzo alipita nyumba kwa nyumba kuyafuta maneno yake. Wengine walimwamini, wengine walicheka. Ngowa naye akawa hapigi hatua ila kwa kupapasa ukuta. Kadzo alimsihi auache mwili umwongoze, kwani unaijua njia.

"Simjui huyo," Ngowa akasema, mkono ungali ukutani. "Siwezi kumfuata."