Rika la Mogesi Lapanda Lori

Natta nzima ilijua Bhoke anakwenda kuoa. Mwenyewe ndiye aliyetangaza, maana kwenye kilabu chake pombe haikunyweka kimya. Lori la Athanas lilipowashwa kwa hendeli, wanywaji wake wote walikuwa barabarani wakimtania: bwana harusi gani huyu, mbona hana ndevu. Akawajibu kwamba ndevu amewaachia wao, yeye ana ng'ombe.

Ng'ombe walikuwa wametangulia kwa miguu, wako zizini Nyamwaga kwa mzee Nyamhanga, baba yake bibi harusi, Rhobi. Kwa Wakurya hilo si ajabu: mjane asiye na mtoto wa kiume humwolea marehemu mumewe mke, watoto wakaitwa wa mumewe, na nyumba haifi. Kilichopungua ni kimoja tu. Lazima mtu wa upande wa mume asimame mbele ya wazee aseme, huyu anaoa kwa ajili yetu. Na upande wa mumewe Bhoke, marehemu Mogesi, alibaki mdogo wake tu, Kisyeri, aliyeapa kwamba hatasimama ng'o. Nyumba ya kaka yake ikifa, migomba yote ni yake. Tena, walisema wenye midomo, Kisyeri alimtaka Rhobi huyo huyo awe mke wake wa tatu.

"Sasa mama, tunakwenda kufanya nini huko?" Athanas aliuliza wakiteremka kuelekea mto Mara.

"Endesha, mwanangu. Nitakuambia pa kusimama."

Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto, lori likavuka juu ya mawe. Bhoke akatoa kichwa dirishani. Hapa alivuka mwaka ule shemeji yake alipomfukuza nyumbani kwa Mogesi, huko Nyamwaga, maji kifuani, ameshika mkia wa ng'ombe pekee aliyebaki naye, Kisyeri akimzomea kutoka ng'ambo. Akacheka peke yake. Kisha akaanza kumwonyesha dereva nani alilewa akalala wapi, na nani alimtorosha mke wa nani kupitia kichaka kipi, hadi Athanas akakosea gia.

Kijijini Kemambo, Bhoke alimsimamisha Athanas kwenye boma la Waitara, mzee aliyekuwa bado anavaa koti lake la vita. Waitara alitahiriwa siku moja na Mogesi, saro moja, yaani jando moja, kisu kimoja. Bhoke alimweleza yote wima wima, hata kukaa hakukaa. Mzee alichukua fimbo, akapanda nyuma ya lori, akasema wenzake wengine wa rika wapo njiani.

Kweli walikuwepo. Mmoja walimtoa kwenye pombe ya jirani, mwingine alikuwa kipofu, akapandishwa amebebwa mgongoni huku akiuliza kama Bhoke bado ana mwanya. Wakaimba nyimbo za jando lao vilima vyote vile. Kwenye mlima wa mwisho lori likakata pumzi; wazee wakashuka kusukuma, wakigombana ni nani anayeguna tu bila kusukuma.

Uani kwa Nyamhanga, Kisyeri alikuwa amekalia kigoda cha mbele.

"Shemeji," alisema, "lori si ukoo. Nani anasimama nawe?"

Nyuma ya Bhoke wazee walikuwa wanateremka mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi.

"Ondoka kwenye kigoda, mdogo wetu," Waitara alisema. "Wakubwa wamefika."

Kisyeri alitazama huku na huku. Rika la kaka yako ni kaka zako, na anayebishana nalo hanywi tena na mtu Nyamwaga. Akainuka.

Waitara hakukaa. "Mogesi ni sisi," aliwaambia wazee. "Huyu anaoa kwa ajili yetu."

Nyamhanga akamgeukia binti yake, aseme mwenyewe.

"Kwa Kisyeri nitakuwa wa tatu," Rhobi alisema bila kuinamisha kichwa. "Kwa mama Bhoke nitakuwa wa kwanza. Na nasikia kwake hakuna anayelala njaa wala kimya."

Vigelegele vikapasuka. Chungu cha pombe kikawekwa katikati, na kwa kuwa Kisyeri ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote waliokizunguka, alitumwa kuongeza maji ya moto. Alikwenda. Waitara akampa Bhoke mrija wake mwenyewe, aanze yeye.

Alivuta hadi machozi yakamtoka, kisha akamtafuta Athanas.

"Kesho rudi peke yako," alimwambia. "Waambie wale wa Natta pombe imehamia nyumbani kwa Mogesi. Anayeitaka aupande mlima."