Naomba Nimshushe

Mke wangu ni mkaguzi wa mizani. Anaingia dukani na sanduku lake la mawe ya shaba, anaweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza sukari, na mshale ukidanganya, muuza sukari huyo atakiona kilichomtoa kanga manyoya. Kazini wanamwita Gramu. Nimewahi kushuhudia mwanamume mwenye kitambi na maduka yake akimwamkia shikamoo, ilhali umri wake ungetosha kumzaa. Basi Gramu huyohuyo, wiki ikiwa imemkamua, hurudi nyumbani, huvua viatu, huingia chumba kidogo ninachohifadhia mabaki ya vitambaa, hukaa juu ya sponji na kuniita Bibi.

"Bibi, miguu inauma."

Mimi ni fundi makochi. Nina ndevu, nina sugu za nyundo, na sauti yangu inatisha paka. Mara ya kwanza niligeuka nyuma nione ni bibi gani ameingia. Nikacheka. Nilidhani anadeka, na mke kudeka kwa mumewe si jambo la kuitia watu. Halafu nikamtazama machoni. Hakuwa anatania. Aliyekaa pale alikuwa na miaka mitano, sita hivi, na alikuwa anasubiri nimjibu.

Bibi mwenyewe namjua kwa kusimuliwa tu. Ndiye aliyemlea mke wangu baada ya mama yake kwenda zake asirudi, na bibi alipofariki, mtoto akapelekwa kwa shangazi. Kwa shangazi kulikuwa na vitoto vimefuatana kama ngazi, na mgongo wa kuvibeba ukawa wa kwake. Aliniambia hayo siku moja tukikunja nguo, kwa sauti ileile anayosomea uzito. Alisema tangu amzike bibi yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama amekula.

Kwa hiyo nilikuwa namuuliza. Nampashia maziwa, nampa chaki yangu ya kuchorea vitambaa, naye anachora paka na nyumba kwenye mabaki, huku mimi nimekaa mlangoni nang'oa misumari kwenye kiti cha mtu. Saa hizo sikuwa mume wake wala yeye hakuwa mke wangu. Hilo hatukuhitaji kukaa kikao, lilieleweka lenyewe. Akichoka anasinzia, na akiamka ni Gramu tena, anauliza, "Nimekusumbua?" Najibu, "Hata." Anabandika chai, maisha yanaendelea. Siwezi kujifanya malaika. Kuna siku mgongo umeniuma, mteja amenitukana, natamani na mimi niwe na mtu wa kumwita bibi, halafu nafungua mlango nakuta viatu vimevuliwa vibaya vibaya, najua leo pia zamu ni yangu. Siku kama hizo nilikuwa napasha maziwa kwa hasira.

Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, alitukuta hivyo siku moja.

"Unamdekeza," akaniambia uani. "Mwanamke mzima! Mnase kibao kimoja tu uone kama hatakua."

"Dada, nenda nyumbani kwako."

"Naenda. Lakini utanikumbuka."

Mke wangu aliposhika mimba, yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende kwa mshauri. Nilienda shingo upande. Mshauri alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya upole, na kochi lake lilikuwa na springi iliyokatika, ikawa inanichoma muda wote nikitamani niligeuze juu chini nilitengeneze. Alitusikiliza vizuri, lazima niseme. Akasema huo si wazimu wala si kujitakia. Mtu akilemewa, akili yake inaweza kurudi mahali ilipowahi kuwa salama, ikapumzike huko. Wako wengi wa namna hiyo, na wengi wana wenzao wanaojua kukaa nao bila kuwadharau.

"Cha kuangalia ni kimoja," akasema. "Huwa anarudi mwenyewe?"

"Anarudi," nikasema.

"Basi hapo hakuna neno."

"Na mtoto akizaliwa?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

Mshauri akavua miwani, akaifuta. "Tutaona."

Tutaona! Mimi nikimwambia mteja tutaona, anabeba kochi lake anaondoka.

Mtoto alikuja wa kiume, na mwanzoni tulipata raha ambayo hata leo siijutii. Mke wangu alimpima kwa mizani yake ya kazini akicheka peke yake, akamwandikia cheti cha kwamba uzito wake ni halali. Alimnyonyesha, alimwimbia, alinigombeza nikimshika vibaya. Chumba kidogo kikakaa hivihivi na vumbi lake. Nikaanza kuwaambia watu karakanani kwamba mke wangu mzima kabisa, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kilichotuangusha ni kilio. Mtoto akianza kulia mfululizo, kile cha kukaza mwili kisicho na sababu, nilikuwa naona mabega ya mke wangu yakipanda hadi masikioni. Siku ya kwanza aliniwekea mtoto mikononi akaenda chumba kidogo. Akarudi baadaye, akaomba radhi. Kisha zikawa siku za kufuatana, na kurudi kukawa kwa kuchelewa. Nikahamishia kazi nyumbani, nikawa nagonga misumari kwa mkono mmoja na kubembeleza kwa mwingine. Kule chumbani nako naitwa, Bibi, Bibi. Nilikuwa na watoto wawili na sina mke.

Siku moja ilibidi nipeleke viti kwa mteja. Viti vya watu kungojea daktari, safu nzima, huwezi kuvipeleka kidogo kidogo. Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa mwenyewe kabisa, tena alinikosoa kwamba vifungo vya kiti cha mwisho havijanyooka, na kweli havikuwa vimenyooka. Nikaondoka na moyo mweupe. Mchana niliporudi nilisikia nyumba imenyamaza, nikafurahi, nikadhani wamelala.

Walikuwa jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya karai, anaosha sahani ambayo ilikuwa safi, anaisuuza, anaiosha tena. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa mbeleko ikakazwa kama mzigo wa safari ndefu. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia pembeni, midomo imekauka, hana tena nguvu ya kulia. Nilimgusa shavu, akafungua jicho. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa jicho kama nilivyomshukuru pale.

"Bibi," akasema bila kugeuka. "Naomba nimshushe."

"Mshushe, mwanangu. Mshushe sasa hivi."

"Shangazi hatanipiga?"

"Hakuna wa kukupiga."

"Nimembeba tangu asubuhi. Ana njaa huyu, lakini mimi sina cha kumpa. Mama yake hajarudi."

Akageuka. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, maziwa yamemwagika hadi kiunoni, na yeye haelewi ni maji gani hayo. Nilifungua ile mbeleko. Chakula cha mtoto kilikuwa hapohapo, hatua moja, na sikuweza kumwomba. Ungemwambiaje mtoto wa miaka sita amnyonyeshe mtoto? Nilikimbia naye hadi kwa dada yangu, nikipitia dukani kuchukua maziwa ya kopo. Dada akamkorogea yale maziwa, akamnywesha mpaka akalala, na jioni nikarudi naye nyumbani.

Asubuhi yake mke wangu alikuwa amerudi. Nilimkuta ameshika ile blauzi iliyokauka ikawa ngumu, anajitazama begani mbeleko ilipochora.

"Alilia?"

"Kidogo."

"Usinidanganye. Kazi yangu ni kujua anayedanganya."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia, akauliza maswali mawili matatu kama anayeuliza dukani. Kisha akasema, "Mpeleke kwa wifi."

"Sitaki kusikia."

"Siku nyingine nitamfunga vibaya."

"Nitaacha kazi, nitakaa na nyinyi."

"Halafu tule sponji?" Alicheka kidogo, na mimi nilichukia kile kicheko maana kilikuwa cha mtu aliyekwishaamua. "Sikia. Mimi najua kulelewa na mtu ambaye hayupo. Sitamfanyia hivyo. Naomba jambo moja tu. Nimkabidhi mwenyewe. Nisikimbie siku hiyo. Nataka aondoke ameona uso wangu, huu, wa mama yake."

Nikamwahidi, kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo.

Siku hiyo ilipofika alijikaza kisabuni. Alimwogesha, akamnyonyesha mpaka akatosheka, akapanga nguo zake ndogo kwenye mkoba huku akinieleza ipi ya baridi na ipi inamwasha shingoni. Nilimtazama muda wote kama mwizi anavyomtazama mlinzi. Kila alipopepesa macho nilikuwa nasema moyoni, bado, bado yupo. Alikaa kitandani, mtoto mapajani, akimfunga kamba za kofia chini ya kidevu.

"Nitamwambia nini?" akaniuliza.

"Mwambie unampenda."

"Hilo analijua. Nitamwambia nitakuja kumwona akiwa..."

Dada akagonga mlango. Aligonga polepole, kwa adabu, na mtoto akashtuka akaanza kulia.

Mabega yakapanda. Vidole vikasimama kwenye zile kamba.

"Hapana," nikasema. "Gramu. Gramu wangu, dakika moja tu. Nitazame."

Alinitazama. Alikuwa ananitazama kutoka chini, kama mtoto anavyomtazama mtu mrefu, ingawa nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Nilimwita kwa majina yote ninayomwita. Nilimtajia mizani, mawe ya shaba, muuza sukari. Nilimwambia uliomba hili moja tu. Halafu hasira ikanipanda, ile ya miaka yote, nikamshika mabega nikamtikisa.

"Rudi! Mwanao anaondoka, rudi!"

Akaangua kilio. Wakawa wanalia wote wawili, na dada yangu amesimama mlangoni, dada yuleyule wa kibao kimoja.

"Mwache," akasema. "Unamtisha mtoto."

Sikujua anamsema yupi. Akaja mwenyewe, akamchukua mdogo mapajani pale kwa upole, akamalizia kufunga kofia, akabeba mkoba. Alinigusa kichwani akipita, alivyokuwa akinifanyia zamani, na akatoka. Nilibaki nimepiga magoti kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Mke wangu alifuta kamasi kwa mkono wa gauni. Alishuka kitandani, akaenda dirishani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Kilio cha mtoto kilikuwa kinapungua kuelekea barabarani. Alikaa anasikiliza mpaka hakuna tena cha kusikiliza, na nikaona mabega yake yakishuka, polepole, mpaka mahali pake. Nikasimama. Nilikuwa mjinga kiasi hicho, nilidhani amerudi.

"Bibi," akasema. "Yule alikuwa mama yake?"

Ningesema hapana, ningeanza upya kumtikisa, ningemlilia mtoto wa miaka sita matatizo ya mwanamume mzima.

"Ndiyo," nikasema. "Mama yake amekuja kumchukua."

"Afadhali." Akashusha pumzi, akanyoosha mgongo, akajigusa nyuma pale mbeleko inapokaa, pakiwa patupu. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si siku tuliyooana, si siku aliyojifungua.

"Kwa hiyo sasa naweza kwenda kucheza?"

Nikamwambia nenda.